Kizunguzungu baada ya kugonga kichwa: kulala gizani hakutamsaidia

Pole dada. Wiki tatu tangu mdogo wako aanguke na bodaboda, kipimo hakikuonyesha damu kichwani, na bado akigeuka anaona dunia inazunguka. Mama ana nia njema kumfungia chumbani, lakini mapumziko ya namna hiyo ni ya siku moja au mbili za mwanzo tu.

Mtafutieni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) anayejua mambo ya kizunguzungu. Atakagua shingo (mara nyingi maumivu ya kichwa huanzia huko), macho na sikio la ndani. Zoezi moja la kawaida: ananyoosha mkono, anakazia macho kidole gumba, huku akigeuza kichwa kulia na kushoto polepole. Linachosha kuliko linavyoonekana!

Aanze pia kutembea kila siku. Dalili zikiongezeka kidogo na kutulia ndani ya saa moja, hakuna shida. Zikizidi hapo, apunguze kasi. Pikipiki asiguse kwanza.

Akianza kutapika mfululizo, kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu upande mmoja, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.