Kalenda Mbili na Miadi Inayogongana

SWALI: Ninafundisha lugha kwa njia ya intaneti. Ratiba ya mwajiri wangu imo katika Outlook, na ya wanafunzi wangu binafsi imo katika Kalenda ya Google. Nimeziunganisha kwa kiungo kinachoishia na .ics, lakini wanafunzi bado wanajiwekea miadi katika saa ambazo nimekwisha kuitwa kikaoni. Wenzangu wananishauri nihamie chombo cha kupanga miadi: wengine Calendly, wengine Doodle au Cal.com. Kipi kinanifaa?

JIBU: Chanzo cha migongano hiyo ni kiungo chenyewe, na ukihamia chombo kipya bila kukiondoa, tatizo litahama pamoja nawe. Kiungo hicho huelekeza kwenye faili la .ics, linalofuata iCalendar, kanuni ya kuandika matukio ya kalenda, iliyotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi utaona mistari kama BEGIN:VEVENT na DTSTART, ikifuatwa na tarehe na saa. Ni maandishi matupu tu. Google hulichota faili hilo kila baada ya muda inaoupanga yenyewe, na mara nyingi hupita saa nyingi kabla ya nakala mpya kufika. Kwa hiyo kikao kilichoingizwa katika Outlook saa tatu asubuhi kinaweza kuwa hakijaonekana katika Google hadi jioni, na mwanafunzi anayefungua ukurasa wako wa miadi adhuhuri huikuta saa hiyo ikiwa wazi. Tena kiungo hicho ni cha upande mmoja: Google husoma tu, wala haiandiki chochote katika Outlook.

Ipo kanuni nyingine, CalDAV, ya mwaka 2007, ambayo huruhusu kusoma na kuandika pande zote mbili. Kalenda ya Apple na Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda, huitumia vizuri, ila kwa kawaida Outlook haiitumii, kwa hiyo kwako haitoi suluhisho.

Vyombo vya kupanga miadi hufanya kazi kwa namna tofauti. Unakipa chombo ruhusa ya kuingia katika kila akaunti, nacho huiuliza akaunti yenyewe kama una shughuli pale mteja anapotaka kuchagua saa. Hicho ndicho kipimo ambacho ningekitanguliza kabla ya sura ya ukurasa au wingi wa mapambo: je, chombo kinazikagua kalenda zako zote moja kwa moja, au kinakagua moja tu na kuitegemea nakala kwa zilizobaki?

Kwa kipimo hicho, Doodle tuiweke kando, kwa kuwa umaarufu wake, tangu ilipoanza Uswisi mwaka 2007, unatokana na kura za kundi la watu wanaotafuta siku inayowafaa wote, na hitaji lako si hilo. Ukurasa wa miadi wa Google unamfaa mtu ambaye shughuli zake zote zimo ndani ya Google. Calendly, iliyoanza mwaka 2013, ni nyepesi kwa mteja na imekomaa, lakini mpango wake wa bure una mipaka katika aina za miadi na idadi ya kalenda, na wewe unahitaji kalenda mbili tangu siku ya kwanza. Cal.com, iliyoanza mwaka 2021, imekuwa karimu zaidi kwa mtumiaji mmoja asiyelipa, na kwa hali yako ndiyo ningeanza nayo. Masharti ya mipango hii hubadilika, kwa hiyo yasome kabla ya kujisajili.

Kikwazo kikubwa kinaweza kuwa mwajiri wako, kwa sababu ofisi nyingi hukataza programu za nje kuingia katika akaunti za kazi, na zina haki ya kufanya hivyo. Omba ruhusa kwanza. Ukinyimwa, wafungulie wanafunzi zile saa tu ambazo ofisi haiitishi vikao, hata kama ni chache.

Ukiruhusiwa, weka kalenda zote mbili katika orodha ya zinazokaguliwa, lakini chagua moja tu ya kuandikiwa miadi mipya. Kisha tazama matukio ya siku nzima: Outlook huyapa alama ya kuwa uko huru usipoibadilisha, na chombo kinachoyasoma kitaendelea kugawa saa zako siku uliyopanga kusafiri. Weka pia muda wa chini wa taarifa, tuseme muda wa saa 12 kabla ya somo, ili mtu asijiwekee somo linaloanza baada ya dakika 10, na kwa wanafunzi walio nchi nyingine hakikisha saa za eneo zimewekwa kwa jina la mji, kama London, kwa kuwa Uingereza husogeza saa Machi na Oktoba.

Mwisho, jaribu mwenyewe: ingiza kikao katika Outlook, kisha fungua ukurasa wako wa miadi papo hapo kwa kivinjari ambacho hujaingia nacho katika akaunti. Saa ile ikiwa bado inaonekana, usimtumie mwanafunzi yeyote kiungo cha ukurasa huo.