Re: Kuvipa majina vitu vya ndani kuna faida?
Umeuliza kama kuvipa majina vitu vya ndani kuna faida au ni utoto tu, mi nakwambia faida ipo tena kubwa. Anzia kwenye vifaa vya waifai, ukifungua ile listi ya vifaa vilivyojiunga kwenye ruta (kile kiboksi kinachosambaza waifai) mara nyingi unakuta namba na herufi tupu hujui ipi simu ipi printa, ila ukiwa umeviita Tumaini, Chapakazi na Babu basi kifaa kigeni kikijiunga unakishtukia hapo hapo. Halafu kitu chenye jina unakijali aisee, friji langu naliita Bi Baridi na siku hizi sichelewi kulisafisha. Ila simu usiipe jina lako kamili, bluetooth ikiwa wazi yeyote aliye karibu analisoma.