Kazi ya data za bahari ukiwa Nairobi

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu wa takwimu anayeishi Nairobi anaweza kupata riziki kwa data za bahari. Anaweza, ila usidhani ni kuchora grafu tu. Kazi kubwa ni kusafisha data, yaani kusaka na kurekebisha makosa. Latitudo ya Mombasa ni takriban -4, kwa kuwa iko kusini mwa ikweta. Mtu akisahau ile alama ya kutoa, samaki wa Mombasa anatokea kusini mwa Ethiopia, ng'ambo ya Moyale! Majina nayo: mmoja kaandika tafi, mwingine Siganus sutor, jina la kisayansi la samaki yuleyule, kompyuta inahesabu spishi mbili. Nimewahi kukaa wiki nzima na faili moja ya namna hiyo na sijutii, maana joto la maji lililopimwa mwaka fulani halipimiki tena. Likipotea limepotea.

Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, kisha Darwin Core, kiwango cha kupanga data za viumbe kinachotumiwa na OBIS, hifadhidata ya dunia ya viumbe vya bahari. Hapo Nairobi, Kasarani, kuna kituo cha RCMRD, wao kazi yao ni ramani na picha za setilaiti. Lakini taasisi ya utafiti wa bahari yenyewe, KMFRI, makao yake ni Mombasa. Omba nafasi ya mafunzo huko, hata miezi mitatu, uone sampuli zikitoka majini kabla hujazikuta kwenye jedwali.