Nauli ya Holmes na jeraha la Watson

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia hadithi za mashabiki wa Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Conan Doyle, zile zinazoandikwa na wapenzi wake kwa kujifurahisha. Wengi wenu mna haki ya kukasirika. Mmoja hana. Kila barua inafuatwa na jibu langu.

Nilikuwa nimezama kwenye kisa cha mwaka 1889, mara Holmes anamlipa mwenye gari la farasi "pauni 2 na peni 50" kwa mwendo wa mitaa michache. Nikaacha kusoma papo hapo. Nimezidisha?

Hujazidisha. Mpaka Februari 1971 pauni ya Uingereza iligawanyika kwa shilingi 20, na kila shilingi kwa peni 12, kwa hiyo peni 50 zingetajwa kuwa shilingi nne na peni mbili. Hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni nauli yenyewe. Safari fupi kama hiyo London ilikuwa shilingi moja hivi. Watson, daktari rafiki yake Holmes, tunavyoambiwa katika A Study in Scarlet, kitabu cha kwanza, alikuwa akipata shilingi 11 na peni 6 kwa siku baada ya kutoka vitani. Mwandishi wako basi amemtupia mwenye gari posho ya daktari ya karibu siku nne! Na hawa ni mabwana waliopanga nyumba pamoja Baker Street kwa sababu kodi ilimwelemea kila mmoja akiwa peke yake. Ukikosea fedha zao, umewakosea wao.

Rafiki yangu anashikilia kwamba hadithi yangu haijakamilika mpaka Holmes aseme, "Jambo jepesi, Watson mpenzi."

Conan Doyle aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes, na sentensi hiyo, kwa umbo hilo linalonukuliwa, haimo hata moja. Akija na ile kofia ya masikio mawili anayovishwa Holmes, mwambie umaarufu wa kofia hiyo ulitokana zaidi na michoro ya Sidney Paget. Mpe vitabu asome, kisha mwendelee kugombana.

Kuna binti ameandika kwamba Watson anachechemea kwa risasi ya mguu. Kila shabiki anajua alipigwa begani! Kwa nini watu wasiojua waruhusiwe kuandika?

Wewe ndiye yule mmoja. Bega ni la mwaka 1887, kitabu cha kwanza. Mwaka 1890, katika The Sign of Four, risasi imeshateremka mguuni, na aliyeiteremsha ni Doyle mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kurudi nyuma kukagua. Si hilo tu. Katika kisa kimoja mke wa Watson anamwita James, na sisi sote tunamjua kuwa John. Holmes anadhaniwa amekufa tangu Mei 1891 hadi arudi 1894, lakini kisa cha Wisteria Lodge kinatuambia kwamba Machi 1892 yuko kazini kama kawaida.

Mashabiki wa zamani walifanya nini? Walicheza. Mwandishi Dorothy L. Sayers alilitazama jina John H. Watson akasema ile H ni Hamish, ambalo kwa Waskoti ni James, kwa hiyo mke hakukosea. Nakiri napenda jibu hilo kuliko hadithi nyingi zenyewe. Kabla hujamwandikia binti wa watu, jaribu kwanza kutafuta njia ambayo maneno yake yanaweza kuwa kweli. Ukiikosa, mtajie kosa moja, lile linaloangusha kisa, na umwambie la kufanya. Orodha ndefu ya makosa humfanya mtu afute hadithi nzima.

Mimi naandika kisa cha mpelelezi Bwana Msa, Unguja ya 1958. Mzee mmoja amenikemea kwa sababu watu wangu wanalipana kwa rupia.

Mzee yuko sahihi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana kiko na ukali wa macho kama Holmes, lakini fedha zake ni za kwao, na rupia ya Zanzibar ilipisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Weka shilingi dukani, sokoni na kwenye teksi. Ila kama kuna rupia moja iliyofungwa kwenye upindo wa kanga ya marehemu, usiiguse: hiyo muachie Bwana Msa aulize ilifikaje hapo.