Magugu hayapitwi kwa kufungua moto: angalia mkojo wa injini

Mkuu, rudisha hela mfukoni kwanza.

Umeuliza kama uhame kutoka injini ya nguvu za farasi 25 kwenda 40, propela ya kuepa majani iwe ya mapanga matatu au manne, boti ya faiba au ya mbao ipi inafaa kina kifupi, na wakati gani wa siku ni mzuri kupita. Sawa. Kisha ukamalizia kwamba ukiyafikia magugu "utafungua moto wote upite kwa kasi yasipate muda wa kukunasa", yaani uipe injini mafuta yote. Hayo mengine ni vifaa tu, ila hilo la mwisho ni injini nzima inakwenda.

Nani kakufundisha hivyo? Acha nibahatishe: ama muuzaji, ama video ya jamaa anateleza juu ya majani huku anacheka. Rudi kaitazame tena video yenyewe, angalia nyuma ya boti. Nyingi ya hizo zina injini ndogo inayopozwa na hewa, imekaa juu kabisa, na shafti ndefu imelala kuelekea nyuma. Ndizo zile za mkia mrefu zilizozoeleka Thailand, dereva anakandamiza mpini propela inatoka nje ya maji, anaushusha tena, safari inaendelea. Injini hiyo haivuti tone la maji, kwa hiyo majani hayana pa kuiziba. Yako inavuta. Anayekuonyesha ile akakuuzia hii ana roho ngumu.

Injini ya kufunga nyuma ya boti inapozwa na maji yale yale unayoelea juu yake. Kwenye mguu wa injini, kulia na kushoto, kuna vichungio vyenye matundu membamba. Maji yanaingia hapo, yanavutwa na impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kilichokaa juu ya giaboksi, yanapanda kwa bomba hadi kwenye silinda, yanazunguka na kutoka. Sehemu ndogo yake inarushwa nje kwa kitundu cha nyuma. Ule mchirizi ndio tunaita mkojo wa injini, na ndio geji pekee ninayoiamini kwenye magugu.

Sasa ingia kwa kasi uone. Kwenye maji matupu mwendo unasaidia kusukuma maji ndani ya vichungio. Kwenye magugu, mwendo huo huo unayabandika majani juu ya matundu, na impela inayanyonya kwa ndani yasibanduke. Kadiri unavyoongeza moto, inanyonya zaidi, na yenyewe yanazidi kujibana. Chini yake mashina yanajiviringisha kwenye propela, mzigo unaongezeka, injini inazalisha joto zaidi. Yaani unapandisha joto na kukata maji ya kupoza kwa mkono mmoja, tena ule ule ulioshika mpini.

Cha kwanza kufa ni impela. Ule mpira unalainishwa na maji. Ukizunguka mkavu haumalizi hata dakika kabla mabawa hayajaanza kuungua na kukatika. Ukiendelea, inafuata gaskiti ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu. Ukiendelea tena, hedi inapinda, pistoni inajibana kwenye silinda, na hapo kamba ya kuwashia haivutiki hata mvute wawili. Bei ya gaskiti hiyo naikumbuka kuliko namba za simu za ndugu zangu, na tusiulizane kwa nini.

Usiniambie habari za king'ora. Injini nyingi ndogo hazina kabisa. Zenye nacho, kitambuzi kinahisi joto, hakihesabu majani. Kikilia maana yake joto limeshafika kule juu. Mkojo unafifia mapema zaidi, ukiwa bado na nafasi ya kuokoa kitu.

Kwa hiyo kanuni ni hii, ibandike hata kwenye tangi la mafuta: mkojo ukififia, zima. Sijasema punguza, sijasema "tusogee kidogo mpaka pale penye weupe". Zima. Pale penye weupe utafika kwa upondo.

Na hii inakulazimu kuujua mkojo wa injini yako ukiwa mzima. Kwenye moto mdogo unatoka hafifu lakini haukatiki. Ukiongeza moto unanyooka na kurukia mbali. Maji yake yawe vuguvugu. Yakitoka ya moto mkono unaruka, au yakitoka kwa kukatakata yakichanganyika na mvuke, umeshachelewa kidogo. Mara nyingine kitundu chenyewe ndicho kimeziba na injini iko salama. Huwezi kujua ukiwa unaendesha, kwa hiyo zima kwanza, kisha kichokoe kwa kipande cha uzi wa nailoni wa kuvulia. Waya wa chuma unaweza kutoboa kiungo cha plastiki cha ndani, halafu maji yakavuja chini ya kofia ya injini.

Namna ya kupita ni hivi. Punguza mwendo ukiwa bado kwenye kina, usingoje uguse majani. Boti inayokimbia imenyanyuka. Ukikata moto ghafla nyuma inaketi, na propela inashuka mahali ambapo sekunde moja iliyopita ilikuwa haigusi. Watu wengi wanalima tope hapo kisha wanasema ramani imewadanganya. Mwambie abiria asogee mbele ili nyuma ipungue uzito. Ingia kwa moto mdogo, kila mara ukigeuka kutazama mkojo.

Ukisikia injini inapiga kelele zaidi huku boti haiendi, au mpini unatetemeka, propela imevaa majani. Kama mkojo bado ni mzima, rudisha moto chini kabisa, weka nyutro, subiri sekunde chache boti ipoteze mwendo, kisha ingiza rivasi kwa mkupuo mmoja. Ukiiingiza polepole meno ya giaboksi yanasagana na kumeguka pembe. Ipe moto mdogo sekunde mbili tatu. Propela inazunguka kinyume na mashina yanajifungua, na maji yanayorushwa mbele yanapita juu ya vichungio na kuyabandua majani. Nyutro tena, tazama mkojo, endelea. Ukirudia mara mbili bila mafanikio usijaribu ya tatu. Zima, inua injini, safisha kwa mkono.

Kabla mkono haujaigusa propela, chomoa kamba ya swichi ya usalama na uiweke mfukoni mwako, siyo kwenye benchi mtoto akaichezea. Kata kwa kisu kilichopinda, ukikata kutoka ndani kwenda nje. Ukikata kuelekea ndani unakwenda kuijeruhi sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie giaboksi. Vichungio visugue kwa mswaki wa zamani ukifagia kwenda chini. Usichomeke kijiti kwenye matundu, unachokisukuma ndani kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Majani membamba yenye nywele, yale yanayoota chini ya maji, ndiyo mabaya zaidi hapa, maana yanapenya matundu yenyewe. Magugu ya kuelea yenye maua ya zambarau unayaona kwa mbali, ila mizizi yake inaning'inia chini mingi, imejaa tope. Mashina ya yungiyungi hayazibi sana, kazi yake ni kujiviringisha.

Usishuke majini kusukuma. Miguu inanaswa na yale yale yaliyoinasa propela, na chini hujui ni mchanga au tope la kiunoni. Tumia upondo, na uchore alama kila sentimita 10 kwa rangi. Ndio kipimo chako cha kina, na ndio gia yako ya akiba.

Injini ikishapata joto, usiimwagie maji baridi, chuma kinashtuka na kupinda. Ondoa kofia ipate hewa, kaa nusu saa. Ukiwasha tena, washa kwa moto mdogo na uhesabu: mkojo usipoonekana ndani ya sekunde 20 hivi, zima, sasa ni kuvutwa au upondo. Na ukirudi, fungua pampu hata kama siku hiyo ilimalizia vizuri.

Kwenye kuifungua pampu ndipo mafundi wa haraka wanaponiudhi. Anatoa impela iliyokatika, anachomeka mpya, anafunga, anaomba malipo. Shika ile ya zamani uhesabu mabawa. Kama mawili hayapo, vipande viwili viko mahali fulani: chini kwenye nyumba ya pampu, ndani ya bomba la kupandishia maji, au juu kwenye thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Visipopatikana vyote kazi haijaisha, kwa sababu kipande cha ukubwa wa punje kinatosha kuziba njia na injini itachemka tena kwenye maji safi kabisa, nawe utalaumu magugu. Bomba lipulize kwa maji kutoka juu kwenda chini. Impela mpya ipake maji ya sabuni au grisi inayofaa mpira, na unapoikandamiza nyumba ya pampu izungushe shafti kwa mwendo wake wa kulia ili mabawa yote yalale upande mmoja. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia impela kwenye shafti kikidondoka bila wewe kuona, umefunga pampu ambayo haizunguki. Anayepita kwenye magugu abadilishe impela kila mwaka hata kama inaonekana nzuri. Ikipoteza unyumbufu, mabawa yakabaki yamelala baada ya kuitoa, hiyo imekwisha.

Sasa injini ya 40. Itavuta majani yale yale kwa nguvu zaidi, na uzito wake utaizamisha nyuma ya boti. Kwenye kina kifupi unanunua tatizo. Kabla ya kufikiria nguvu, pima ubao wa tezi, ule wa nyuma ya boti unaofungwa injini. Injini ya mguu mfupi ni ya ubao wa inchi 15, ya mguu mrefu inchi 20. Ukikuta una mguu mrefu kwenye ubao mfupi, una inchi 5 za ziada zinazolima chini bila sababu, na hizo hakuna propela itakayokuondolea. Bati lililo juu ya propela liwe sawa na sakafu ya chini ya boti, au inchi 1 chini yake, basi.

Ukiinua injini kwa ile nafasi ya kina kifupi, kumbuka mambo mawili. Vichungio vibaki ndani ya maji, maana ukiinua mno vinavuta hewa na matokeo ni yale yale ya majani. Na kwenye nafasi hiyo kufuli ya rivasi, ile inayoizuia injini isijiinue ukirudi nyuma, huwa haishiki, kwa hiyo ukirudi nyuma kwa moto mkubwa injini inajirusha juu. Kwa ile mbinu ya rivasi niliyosema, ishushe kwanza kama kina kinaruhusu. Kama hakiruhusu, gusa tu.

Propela ya kuepa majani ni kitu kizuri, sibishi. Mapanga yake yamelazwa nyuma, shina linateleza kwenye ukingo badala ya kujifunga. Lakini inalinda propela, hailindi vichungio, na muuzaji hiyo nusu ya pili hajawahi kuisema. Mapanga matatu yanatosha.

Kuna na yule atakayekushauri ukikata pini ya propela uchomeke msumari. Kama injini yako ni ya pini, pini ile imetengenezwa laini makusudi, ikatike yenyewe gia zisalie. Msumari mgumu haukatiki, na shina nene au kisiki kinapoishika propela, pigo lote linakwenda kwenye meno ya giaboksi. Beba pini tatu halisi, pini za kufungia nati, spana ya nati hiyo na koleo. Unapofungua propela ukiwa majini tandika kitambaa chini yake, nati ikidondoka kwenye magugu hutaiona tena. Kama propela yako ni ya bushi ya mpira, yaani mpira wa katikati unaoishikilia kwenye shafti, chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani kwenda cha nje. Siku injini ikipiga kelele, boti haiendi na propela ni safi, tazama mstari: ukiwa umekatika, bushi inateleza, rudi polepole kwa moto mdogo.

Kama hiyo propela mpya umeshailipia, ifunge. Ila ukishaitoa ya zamani chungulia nyuma ya washa kubwa, pale kwenye shafti. Ukikuta uzi wa kuvulia au nyuzi za mashina zimejikaza, zitoe zote, kisha fungua skrubu ya chini ya giaboksi uache oili kidogo itoke. Ikiwa safi, rudisha skrubu na washa yake mpya. Ikitoka kama chai ya maziwa, sili imekatwa na maji yameingia, na hela ya injini ya 40 ina kazi nyingine ya kufanya wiki hii.