Anza na Markov, kompaila ije baadaye

Mwalimu, umeuliza vijana wako wa Chake Chake waanze na kipi: minyororo ya Markov (kubahatisha kinachofuata kwa kuangalia kilichotangulia) au kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine). Mimi ningeanza na Markov, tena bila nadharia yoyote siku ya kwanza. Wape faili la majina ya vijiji: Makunduchi, Kengeja, Chwaka, Micheweni, Kizimkazi, Konde, yakifika 100 hivi yatosha. Programu ihesabu ni herufi gani hufuata kila jozi ya herufi na mara ngapi, kisha itunge majina mapya kwa kura yenye uzito huo. Kwa Python ni mistari michache tu.

Halafu badala ya jozi watumie herufi moja, kisha nne. Kwa moja yatatoka majina ya ajabu ajabu. Kwa nne programu itakariri tu yaliyomo kwenye faili. Hapo usiwaharakishe, waache wabishane kwa nini. Markov mwenyewe, mwanahisabati Mrusi, mwaka 1913 alihesabu kwa mkono irabu na konsonanti katika herufi 20,000 za shairi la Pushkin, mshairi wa Urusi. Wajaribu na aya ya Kiswahili, ambako irabu ni nadra kukaa mbali na irabu nyingine.

Kompaila iwe ndogo kabisa: isome 2+3*4, ikate vipande, ijenge mti unaoonyesha hesabu ipi ifanywe kwanza, itoe amri za mashine ya kubuni yenye rundo la namba: weka 2, weka 3, weka 4, zidisha, jumlisha. Wakipata 20 badala ya 14, wakague mti kwanza. Vigeu na masharti wataviongeza wenyewe, wenye hamu hawakosekani.