Mtoto anaumwa jino na kliniki zinamkataa

Dada yangu, umeuliza kama weusi wenu ndio sababu ya kliniki mbili za meno huko Marekani kumkataa mwanao mwenye kadi ya Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo. Nia ya mtu siwezi kuithibitisha nikiwa mbali, lakini najua kwamba madaktari wengi wa meno hawapokei kadi hiyo kwa kuwa malipo yake ni madogo, na kwa kuwa familia nyingi za Weusi, za Walatino na za wahamiaji huitegemea, mzigo huo huwaangukia wao zaidi.

Usikate tamaa, maana sheria ya nchi nzima inaitaka Medicaid igharimie matibabu ya meno ya watoto walio chini ya miaka 21. (Kwa watu wazima, kila jimbo huamua lenyewe.) Piga simu kwenye namba iliyo kwenye kadi uombe orodha ya madaktari wanaopokea wagonjwa wapya, au nenda kituo cha afya cha jamii, ambako hutozwa kulingana na kipato. Una haki ya kupewa mkalimani bila malipo, kwa hiyo usimtumie mtoto akutafsirie.

Nakusihi usisubiri. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, mvulana Mweusi wa miaka 12 alifariki baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Uso ukivimba au homa ikipanda, mpeleke hospitali, idara ya dharura, siku hiyohiyo.